TAA CHINI YA PISHI: KUSOMA INJILI KATIKA VIPIMO VYA KILA SIKU

Mada iliyotolewa na Kamati ya Haki na Amani ya parokia katika semina ya viongozi wa Halmashauri ya Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo





Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya namna Mkristo anavyoweza kupata mafundisho ya kiroho katika maisha ya kila siku. Mada hii ni pana, na kama tungetaka kuigusa yote tusingemaliza leo. Kwa hiyo tumechagua kitu kimoja tu, kitu ambacho kila mmoja wetu amekishika wiki hii: kipimo. Tunasema juu ya kopo, kisado, debe, gunia na mizani. Tunaamini kwamba Mungu ana neno la kutuambia kwa njia ya vitu hivi, na ya kwamba neno hilo si laini sana.

1. Mwalimu aliyefundisha kwa vitu vya nyumbani

Bwana wetu alipotaka kuwafundisha watu siri za Ufalme, hakuwapeleka mbali na makazi yao. Aliwaonyesha chumvi, chachu, taa, wavu, mbegu ya haradali, na mwanamke anayefagia nyumba yake akiitafuta sarafu iliyopotea. Mafundisho ya namna hiyo yana faida moja kubwa: msikilizaji akirudi nyumbani anayakuta yanamsubiri. Mama aliyesikia mfano wa chachu alikumbushwa kila alipokanda unga, hata kama hakujua kusoma.

Wale waliotafsiri Biblia katika lugha yetu waliielewa njia hiyo. Katika tafsiri ya Muungano iliyochapishwa mwaka 1952, mwanamke wa mfano ule anaificha chachu katika pishi tatu za unga (Mt 13:33). Taa haiwekwi chini ya pishi (Mt 5:15). Na katika Ufunuo, wakati wa njaa, ngano inauzwa kwa kibaba (Ufu 6:6). Pishi na kibaba vilikuwa vipimo vya nafaka vya wazee wetu. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Hivyo Neno la Mungu lilipofika kwetu kwa Kiswahili, lilifika likiwa limebeba vipimo vya sokoni mkononi.

Hata hivyo yatupasa kujihadhari. Kuna njia mbili za kutafuta mafundisho katika mambo ya kila siku. Njia ya kwanza ni kuokota mifano mizuri ili tufarijike: tunaona ua, tunasema Mungu ni mwema, tunaendelea na safari. Njia hii si mbaya, lakini haitoshi. Njia ya pili ni kukiacha kitu tunachokishika kituulize swali, hata kama jibu litatuaibisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba utengano kati ya imani inayokiriwa na maisha yanayoishiwa kila siku ni miongoni mwa makosa makubwa ya nyakati zetu. Basi anayetafuta Mungu katika maisha ya kila siku hana budi kuwa tayari kuliona pia kosa hilo ndani yake mwenyewe.

Tutafuata hatua tatu mnazozifahamu: tazama, amua, tenda. Hatua hizo zilienezwa na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji miongoni mwa vijana wafanyakazi, na mwaka 1961 Papa Yohane XXIII alizikubali na kuzipendekeza katika waraka wake Mater et Magistra.

2. Tazama: gunia lenye kilima juu yake

Sisi tunaoishi katika nyanda hizi za juu tunalima viazi mviringo. Wakati wa mavuno magari yanapanda kutoka mjini, na pamoja na magari hufika magunia matupu. Sote tunajua yanayofuata. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linatikiswa, linashindiliwa, kisha juu yake hushonewa wavu au kipande cha gunia jingine, na viazi vinaendelea kupangwa mpaka kilima kinasimama juu ya gunia. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei inayolipwa ni ya gunia moja.

Tufanye hesabu kwa mfano tu. Tuseme gunia lilipaswa kuwa na kilo 100, nalo kwa lumbesa likabeba kilo 130. Mkulima aliyeuza magunia kumi ametoa kilo 300 bila malipo, yaani magunia matatu kamili. Hayo magunia matatu yana jembe ndani yake, yana mbolea iliyokopwa, na yana migongo ya watoto waliokosa shule siku za kuvuna. Sheria ya vipimo ya Tanzania na kanuni zake hazikubali jambo hili: mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kwa gunia la viazi. Sheria ipo, basi. Tena mizani zipo, na wakaguzi wa vipimo wapo. Lakini lumbesa nayo ipo.

Kwa nini mkulima anakubali? Tumewauliza wengi, na majibu yao yanafanana. Viazi havisubiri, vikikaa vinaota na kuoza. Ada ya shule haisubiri, wala mgonjwa. Gari limekuja moja, na dereva anawasha injini. Ukikataa wewe, jirani yako atakubali, na mwenye gari anajua hivyo kabla hajashuka. 

Tumewauliza pia wanunuzi, kwa sababu haki haitaki tusikilize upande mmoja. Nao wana la kusema: ushuru mara nyingi hutozwa kwa hesabu ya magunia wala si kwa uzito, na nauli ya gari vivyo hivyo, kwa hiyo anayebeba magunia madogo analipa zaidi kuliko mwenzake na kushindwa sokoni. Neno lao lina ukweli. Linatuonyesha kwamba dhambi hii haikai moyoni mwa mtu mmoja mbaya. Imejishona katika mpango mzima wa biashara, kama ule wavu ulivyoshonwa katika gunia.

3. Kisa chetu wenyewe

Tungeweza kuishia hapo na kuwanyoshea kidole wenye magari. Lakini tungekuwa tumewaficha jambo ambalo ni lazima mlijue.

Mwaka mmoja, katika maandalizi ya sikukuu ya msimamizi wa parokia, kamati yetu hii, Kamati ya Haki na Amani, ilipewa kazi ya kununua viazi vya karamu. Tulituma mtu akanunua magunia manne. Yalipoteremshwa mbele ya jiko la parokia, kila gunia lilikuwa na kilima chake. Tulifurahi. Tulimsifu mwenzetu kwamba anajua kununua. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba viazi hivyo vimetoka shambani kwa mtu. Tukala, tukaimba, tukamshukuru Mungu.

Majuma machache baadaye tulikuwa katika Jumuiya, na somo la Injili lilitoka Luka sura ya 6. Mnakikumbuka kifungu cha 38, ambapo Bwana anaahidi kwamba anayetoa atapewa, na kwamba atamiminiwa kipimo kilichoshindiliwa, kikasukwasukwa hata kikafurika. Kijana mmoja mnunuzi wa mazao, mwanakwaya tunayempenda, alicheka akasema, “Basi Bwana mwenyewe aliikubali lumbesa!” Sote tulicheka naye. 

Mama mmoja mjane, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, hakucheka. Alisema taratibu, “Sawa, mwanangu. Lakini hapo katika Injili, aliyeshindilia ni nani?”

Tulinyamaza. Kisha akaendelea: “Magunia mawili ya sikukuu yalikuwa yangu. Yule mliyemtuma alishindilia kwa goti. Mimi nilijua ni viazi vya kanisa, nikaona aibu kusema.”

Ndugu wapendwa, katika miaka yetu ya utumishi tumehudhuria semina nyingi na kusikia mahubiri mengi juu ya haki. Hatukumbuki fundisho lililotuingia kama swali la mama yule.

4. Amua: aliyeshindilia ni nani?

Tulirudi tukasoma tena kifungu kile, na tukaona kwamba yule kijana na yule mama walikuwa wameona kitu kimoja kwa macho mawili. Kwa umbo, kipimo cha Injili na lumbesa vinafanana kabisa. Vyote viwili vimeshindiliwa, vyote viwili vimetikiswa, vyote viwili vina kilima juu yake. Tofauti yake ni mkono. Katika Injili, anayejaza ni mwenye mali, naye anajaza kwa hiari yake ili mwenziwe apate zaidi. Katika lumbesa, anayejaza ni mpokeaji, naye anashindilia mali ya mwingine ili apate zaidi yeye. Kile kilichokuwa ukarimu katika mkono wa mtoaji kinakuwa dhuluma katika mkono wa mchukuaji. Viazi ni vile vile.

Tukielewa hapo, tutaelewa pia kwa nini Maandiko Matakatifu yanasumbuka sana na mizani. Baadhi yetu tungedhani kwamba jambo la mawe ya kupimia ni dogo mno kwa Mungu aliyeumba mbingu. Sivyo. Katika Walawi 19:35-36 Mungu anawaamuru watu wake wawe na mizani ya haki na vipimo vya haki, na mara moja anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa katika nchi ya Misri. Kwa nini anaitaja Misri katika sheria ya sokoni? Someni Kutoka sura ya 5. Huko Misri, Farao aliamuru watu wasipewe tena majani ya kutengenezea matofali, waende wakajitafutie wenyewe, lakini hesabu ya matofali ya kila siku isipunguzwe hata kidogo. Utumwa wa Waisraeli ulikuwa pia utumwa wa kipimo: kipimo kilichowekwa na mwenye nguvu, kinachoongezeka kwa mnyonge bila malipo kuongezeka. Mungu aliyewakomboa na kipimo cha namna hiyo hawezi kuvumilia wakombolewa wake wakirudisha kipimo hicho juu ya ndugu zao. 

Kisha angalieni walivyolishwa jangwani. Katika Kutoka 16:18 mana ilipopimwa, aliyeokota kingi hakuzidiwa wala aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Kipimo cha Farao kilimkamua mtu. Kipimo cha jangwani kilimtosheleza. 

Kumbukumbu la Torati 25:13-15 linakataza kuwa na mawe mawili mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Mwenye mawe mawili ananunua kwa kubwa na kuuza kwa dogo. Sisi hatuna mawe, lakini je, hatuna debe mbili? Debe, ambalo zamani lilikuwa bati la mafuta tu, ndilo limekuwa mizani yetu. Tunalo lililotanuliwa kwa nyundo kwa ajili ya kununulia, na lililobonyezwa kitako kwa ajili ya kuuzia. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawaeleza wafanya biashara waliokuwa wakiiona siku ya Bwana kuwa ndefu, wakingoja iishe ili wakapunguze kipimo na kuongeza bei. Watu hao hawakuwa wapagani. Walikuwa wamo ibadani. Miili yao ilikuwa mbele za Bwana, na mioyo yao ilikuwa ghalani.

5. Mgongo unaobeba

Kuna mtu mwingine katika safari ya gunia ambaye huwa tunamsahau. Ni mpagazi. Gunia lenye kilima haliruki lenyewe hadi juu ya gari. Yupo kijana anayeinama, wenziwe wawili wanamtwisha, naye anapanda ubao miguu ikitetemeka. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilishauri kwamba pale mzigo unapozidi kilo 55 kwa mwanamume mzima, hatua zichukuliwe haraka ili upunguzwe. Hata gunia linalokubaliwa na sheria linakaribia kuwa maradufu ya hapo. Tuseme nini basi juu ya lumbesa?

Wengi wa viazi vyetu huishia katika masoko ya Dar es Salaam. Wazee wanatukumbusha kwamba jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914-1918. Maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi hawakurudi makwao. Jina hilo tunalitamka kila siku, nalo linabeba kumbukumbu ya migongo. Bwana aliwakemea viongozi wa dini waliofunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, wao wenyewe wasitake kuigusa hata kwa kidole (Mt 23:4). Kwa kawaida tunalisoma neno hilo kama fumbo. Mpagazi wa sokoni anaweza kulisoma kama lilivyo.

6. Vipimo visivyo na mizani

Tukisema juu ya magunia peke yake, asiyeuza viazi atajiona salama. Lakini kila mmoja wetu ana kipimo mkononi mwake.

Mwenye shamba anayeajiri vibarua hupima ngwe. Wapo wanaopima kwa kamba ya haki, na wapo wanaopima kwa hatua ndefu siku ya kugawa kazi na kwa jicho kali siku ya kulipa. Mtume Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). 

Upawa nao ni kipimo. Katika nyumba ambamo analala mtoto wa kuzaliwa na mtoto wa marehemu ndugu, hebu tuangalie mkono wa mpakuaji. Mtoto yatima hana mizani, lakini anajua uzito wa sahani yake kuliko tunavyodhani.

Saa pia ni kipimo. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani anaamka kabla yetu na kulala baada yetu. Siku yake tumeishonea wavu juu, tukaipandisha kilima, na mshahara ukabaki ule ule wa gunia moja. Na huenda ni sisi tunaomwambia Jumapili kwamba abaki aangalie chakula, ili sisi twende Misa tukasikilize habari za ukombozi.

Nasi wakulima tusijifiche. Kuna viazi vidogo vinavyopangwa katikati ya gunia na vikubwa juu. Kuna mahindi yanayonyunyiziwa maji na maharagwe yanayochanganywa na mchanga. Tunajitetea tukisema, wao wanatuibia kwa lumbesa, sisi tunajilipa kwa mchanga. Lakini mchanga ule haumfikii mwenye gari. Unamfikia mama wa mjini aliyenunua kilo moja ili watoto wake wale usiku. Dhuluma haiponywi kwa dhuluma. Inahamishiwa tu kwa aliye mnyonge zaidi.

7. Tenda: tulivyofanya na tunavyopendekeza

Baada ya siku ile, kamati yetu ilikutana na kusoma habari za Zakayo katika Luka 19. Tuliona kwamba wokovu ulipoingia nyumbani kwake, yeye alianza kuhesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakuomba msamaha kwa maneno peke yake. Tukakubaliana kwamba nasi tuanze na hesabu. Tulimwendea mama yule pamoja na muuzaji mwingine, tukakisia kwa uaminifu kilichozidi katika magunia yao, tukalipa kutoka mifukoni mwetu, si kutoka sadaka ya waamini. 

Mama alizipokea fedha, akazihesabu, akasema zimetosha. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisado cha maharagwe, akakijaza mpaka yakamwagika pembeni. “Hizi za watoto wa shule ya awali pale parokiani,” alisema. Tulimwambia kwamba amezidisha. Akajibu kwamba sasa anayezidisha ni yeye. 

Hapo tukaelewa kwamba haki haiui ukarimu, kama wengine wanavyoogopa. Haki ndiyo inayomrudishia mtu uwezo wa kuwa mkarimu. Aliyenyang'anywa hawezi kutoa. Alichokuwa nacho cha kutoa kimekwisha kuchukuliwa.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo haya, ambayo si makubwa, lakini yanawezekana:

(a) Parokia, shule na vikundi vyetu vyote vinunue kwa mizani. Kanisa lisipokee lumbesa hata kwa punje moja, wala kwa kisingizio cha sikukuu.

(b) Kila kigango kichangie kununua mizani iliyokaguliwa na kutiwa alama na wakala wa vipimo. Iwekwe mahali pa wazi, na aitumie kila jirani, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au mwingine yeyote. Haki haina kadi ya ubatizo.

(c) Wakulima wauze kwa pamoja. Mmoja akikataa lumbesa, gari linakwenda kwa jirani. Kijiji kizima kikikataa, gari halina pa kwenda. Kidole kimoja hakivunji chawa.

(d) Viongozi wa walei wafike kwa serikali ya kijiji na kwa halmashauri, kwa heshima na bila kuchoka, kuomba ushuru utozwe kwa uzito. Maadamu unatozwa kwa gunia, mnunuzi mwaminifu ataendelea kuadhibiwa kwa uaminifu wake.

(e) Wanunuzi walio waamini wasifukuzwe wala kusutwa hadharani. Waalikwe mezani. Yule kijana mwanakwaya ndiye leo anayetusaidia kuelewa hesabu za nauli na ushuru, na bila yeye tungekuwa tunapiga kelele gizani.

(f) Katika kila nyumba tuchunguze upawa, ngwe na saa zetu kabla ya kuchunguza gunia la jirani.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya si ya kiroho, na kwamba Kanisa lingejishughulisha na sala. Tunawajibu kwa upole kwamba Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, katika hati yake juu ya haki duniani, ilifundisha kuwa kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu halisi ya kuihubiri Injili, wala si nyongeza. Papa Paulo VI alikuwa ameanzisha tume ya Haki na Amani huko Roma mwaka 1967, na mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake kwa Kanisa la Afrika, alihimiza tume kama hizi ziundwe kwetu katika ngazi mbalimbali. Hatukujituma wenyewe. Na tusipokuwa watu wa sala, hata mizani tuliyoinunua tutaichezea.

8. Hitimisho

Tulianza na pishi, na tumalize nayo. Bwana alisema kwamba hakuna awashaye taa na kuiweka chini ya pishi. Tumelisikia neno hilo tangu utoto, na kwa kawaida tunafikiri lina maana ya woga: mtu anayeona haya kuonyesha imani yake. Lakini sasa tunauliza, kwa nini chini ya pishi hasa? Pishi ni kipimo cha nafaka. Ni chombo cha biashara. Tuliwashiwa taa siku ya ubatizo, na mshumaa uliwashwa kutoka mshumaa wa Pasaka. Tunaweza kuificha taa ile chini ya chombo kile kile tunachopimia: Jumapili taa, Jumatatu pishi juu yake. Nyumba inabaki giza, na sisi tunashangaa kwa nini majirani hawauoni mwanga wetu.

Hatuambiwi tuitupe pishi. Bila pishi hakuna soko, na bila soko hakuna chakula. Tunaambiwa taa ikae juu na pishi ikae chini yake, ili tunapopima tuone vizuri tunachokipima, na uso wa yule tunayempimia.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika eneo letu, ni kipimo gani kinachomwonea mtu, na ni nani anayefaidika nacho? Je, sisi tumo?
2. Someni Luka 6:38 na Kutoka 5:6-19. Aliyeshindilia ni nani katika kila somo?
3. Ni mtu gani ambaye tunapaswa kumrudia na hesabu mkononi, kama Zakayo?
4. Katika mapendekezo (a) hadi (f), ni lipi Jumuiya yetu inaweza kulianza kabla ya mavuno yajayo? Nani atalisimamia, na atatoa taarifa lini?

Mungu, ambaye hutupimia kwa huruma kuliko tunavyostahili, aifanye mikono yetu iwe ya haki katika kupima na mipana katika kutoa.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.